Sukari ya Misugusugu, Mayai ya Kurui

Misugusugu, Kibaha
12 Januari 2024

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hujambo na mguu wako unakubeba. Mimi ni mzima.

Barua hii anakuletea Anselmi, yule dereva wa kenta anayekuja huko kuchukua mihogo na machungwa. Nimeona bora niandike kuliko kupiga simu. Simu yako inashika mtandao ukipanda mpaka shuleni, na ukishafika huko pumzi zimekwisha, unaitikia tu "eeh, eeh" halafu inakatika. Na Halidi naye kila mwezi alikuwa akiweka kikaratasi ndani ya kifurushi, hata cha maneno matatu. Sitaki kifurushi chake kifike kwako bila neno.

Ndani kuna sukari kilo tatu, mchele kilo mbili, mkate na majani ya chai. Najua yeye alikuwa akituma sukari kilo tano. Nisamehe. Mwezi huu imepanda ghafla, duka la hapa jirani wanauza elfu nne, na mwenye duka anakupimia huku anakutazama kama umekuja kuiba. Lakini kifurushi hakitakatika. Halidi aliniambia kwamba alipokuletea sukari ya mshahara wake wa kwanza, uliitia kwenye chai mpaka kijiko kikasimama. Alikuwa akilikumbuka hilo anacheka peke yake. Mimi mke wake nikiwa hai, chai yako haitakosa sukari.

Bado niko ndani, eda yangu ina mwezi mmoja tu. Aneth ndiye mikono na miguu yangu. Ni yule jirani wa chumba cha pili, mtu wa Bukoba, uliyemwona kwenye msiba akigombana na masufuria. Asubuhi mimi nakaanga maandazi, yeye anayauza kando ya barabara pamoja na matunda yake. Vyakula vya matanga vilibaki, unga hasa, kwa hiyo nakula vizuri. Usinifikirie.

Jana nilikuwa nakunja shati lake la kazini. Mfukoni nimekuta mbegu saba za chungwa. Alikuwa akila machungwa yako ofisini, mbegu anatia mfukoni ili aje azipande, halafu anasahau. Nimezirudisha humo humo.

Mwanao,
Hamisa


Kurui, Kisarawe
21 Januari 2024

Mwanangu Hamisa,

Marahaba. Kifurushi nimekipokea, kamba haikuguswa. Fundo ulilofunga ni lile lile la Halidi, la kuzungusha mara mbili. Nilipoliona nilikaa kidogo kabla ya kulifungua.

Sukari nimeipokea kwa mikono miwili. Mungu akuzidishie pale ulipopunguza. Hapa kwetu sasa sukari ni kitu cha kuonyeshana. Maulida wa dukani alipoiona akasema, "Mama Halidi, wewe ndiye tajiri wa Kurui." Nikamwambia, tajiri gani anafulia jivu?

Nakuletea mayai ishirini ya kuku wangu, yamo ndani ya pumba. Kuna kunde, kuna kisamvu nilichokausha, na machungwa Anselmi atakupa kutoka kwenye gunia langu. Asikupe ya gunia la mtu mwingine. Mayai ule wewe. Halidi alikuwa mdogo hivi, nikimpa yai anakula kiini kwanza, ule weupe anauweka shavuni mpaka aende nao kucheza. Namwita, "Umemeza?" Ananitikisia kichwa, shavu limevimba.

Anselmi anasema umekonda. Nikamwambia, wewe kazi yako ni kupima mihogo, wakwe zangu niachie mwenyewe. Lakini je, umekonda?

Mama yako,
Biubwa


Misugusugu
11 Februari 2024

Mama,

Shikamoo. Kabla hujasoma zaidi, kaa chini.

Nina mimba. Nilidhani ni huzuni ndiyo iliyonivuruga siku zangu, nikanyamaza. Nilipokwenda kliniki muuguzi akaniambia ni ya karibu miezi mitatu. Miaka saba, mama. Miaka saba nimekunywa kila mzizi ulioniletea. Halidi alikufa tarehe kumi na nne ya mwezi wa kumi na mbili na mimba ilikuwemo tayari, na hakuna kati yetu aliyejua. Ningeweza kumwambia hata ile asubuhi, akaenda barabarani na furaha yake.

Muuguzi anaitwa Hajra. Ni mpole, ila macho yake hayadanganyiki. Amenipima damu, akasema ni tisa pointi moja, kwa mjamzito inatakiwa ifike kumi na moja. Akanipa vidonge vya kuongeza damu. Akasema, "Damu ikiwa ndogo siku ya kujifungua, ukitokwa na damu kidogo tu tunaweza kukupoteza, na mtoto naye." Wanatuambia hivyo wote, nadhani, ili tusisahau vidonge. Mimi navimeza kila siku na chai.

Sukari imefika elfu tano. Nimepata kilo mbili na nusu. Usiseme nisitume, nakujua.

Mama, siku hizi namkumbuka sana yule Hamisa aliyekuja kwako wiki ile ya kwanza ya ndoa. Nilikuwa natazama unavyopika. Ulitoka na kisu na ungo, ukarudi na kisamvu, majani ya kunde, nazi moja na ndimu. Nikakuuliza, "Mama, nyanya nikanunue?" Ukasema, "Ya nini?" Kwa mlo ule ulinunua chumvi tu. Nimekula kwenye harusi za watu wakubwa Kibaha hapa, sijakula tena mboga kama ile. Halidi alinikonyeza, kama yeye ndiye aliyepika.

Hamisa


Kurui
18 Februari 2024

Mwanangu, mwanangu,

Nimekaa chini na bado nimeanguka. Nimeswali rakaa mbili. Nimelia kilio cha aina mbili, nikashindwa kujua kipi kimeanza.

Shehe Mwishehe nimemuuliza. Anasema mjane mwenye mimba eda yake ni mpaka ajifungue. Kwa hiyo utatulia ndani, kliniki uende, hiyo ni haja. Sokoni Aneth akuendee.

Sasa sikiliza. Mayai mawili kila siku. Nimekuletea thelathini, nimekusanya na ya jirani nikamwachia muhogo. Mawili kila siku, Hamisa, usiniwekee wageni. Damu ya mimba haijengwi na maneno. Kisamvu ukitie dagaa.

Mtoto huyu ndiye kitu pekee Halidi alichoniachia duniani. Na wewe pia, sikusema kwamba wewe hukuachwa.

Biubwa


Misugusugu
14 Machi 2024

Mama,

Shikamoo, na Ramadhani njema. Leo ni funga ya tatu. Hajra amenikataza kufunga, nitalipa baadaye. Naona haya kula mchana mbele ya watu wa hapa, kwa hiyo nakula nikiwa nimefunga mlango.

Hiki ni kifurushi cha futari. Sukari kilo nne, tende, ngano na mchele wa Mbeya. Mwaka jana Halidi alipanga futari yako juu ya kitanda kama anapanga duka, akaniuliza, "Mama akifungua ataanza kuona nini?" Nimejitahidi kupanga vile vile. Tende ziko juu.

Mayai nakula. Yana kiini cha rangi ya embe, Aneth anasema ya kuku wa kizungu yakiwekwa karibu nayo yanaona aibu. Damu wiki iliyopita ilikuwa nane pointi mbili. Imeshuka kidogo. Hajra amenikunjia uso, akaniuliza nakula nini, nikamwambia nakula kila kitu. Akaandika kitu kirefu kwenye kadi. Mimi ni mzima, nachoka tu nikikanda unga, nakaa, halafu naendelea.

Mtoto ameanza kucheza. Ni kama samaki anayegeuka ndani ya beseni.

Hamisa


Kurui
24 Machi 2024

Hamisa,

Barua hii nimeianza mara tatu.

Juzi Anselmi alifika, akaketi kwenye kigoda, akaniambia, "Mama Halidi, kuku wako wana mayai matamu jamani!" Nikamuuliza, umeyaonja wapi? "Si kwa Aneth, pale Misugusugu. Anayachemsha, anauza mia sita moja, na chumvi na pilipili. Nimekula matatu hapo hapo." Nikamuuliza, umejuaje kama ni ya kuku wangu? Akasema, "Mama, kikapu si kile cha ukili chenye sikio moja? Si nimekibeba mwenyewe?" Halafu akautazama uso wangu, akasema, "Au labda sikuona vizuri." Nikamwambia umeona. Kunywa maji yako uende.

Na kwenye ukingo wa barua yako pana alama ya kidole gumba, rangi ya kahawia. Niliinusa. Ule ni udongo. Mimi nimezaa, harufu yake naijua. Mwenye mimba anaula akiutamani, na anaula zaidi akiwa hana kingine.

Sitakugombeza, maana na mimi nina langu, na langu ni kubwa.

Mimi nina ugonjwa wa sukari. Mwaka wa nne huu. Zahanati wameniambia nisiguse sukari, na ugali niupunguze, nile mboga, kunde, dagaa. Sikumwambia Halidi. Ningemwambiaje? Mtoto anakutumia sukari kila mwezi, na kitu kinachomfurahisha ni hicho, uje umwambie sukari yako inaniua? Nilikuwa naipeleka kwa Maulida dukani. Yeye ananipa dagaa na chumvi. Ndiyo maana aliniita tajiri. Miaka minne nimekula dagaa wa sukari ya Halidi, na nimekuwa na afya mpaka mganga wa zahanati ananisifu.

Halafu bei ikapanda. Kilo moja iliyokuwa ikinipa vikombe vitatu vya dagaa, mwezi wa pili ikanipa vitano. Mimi nikamshukuru Mungu kwa bei ya sukari, Hamisa. Nilishukuru kwa sauti. Sikujiuliza nani anailipa.

Sasa nimekaa na kuku wangu nimeona jambo lilivyo. Yai limetoka kwangu, limefika kwako likauzwa likawa sukari, sukari imerudi Kurui ikawa dagaa, nikala mimi. Na wewe uliyebeba mtoto umekula udongo.

Sukari ya futari nimekurudishia yote, tende nimechukua tatu tu kwa heshima yako. Kwangu ni sumu, kwako ni mtaji wa maandazi. Dagaa ni wale wale niliopata kwa ile ya mwezi wa pili. Ni wako. Mayai yako ni ishirini na mawili. Nimeyatia alama ya mkaa kila moja, na Anselmi nimemwambia akiona alama hiyo kwenye meza ya Aneth asinunue, apige kelele.

Biubwa


Misugusugu
31 Machi 2024

Mama,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako mara nne. Ya tano nimemsomea Aneth. Alicheka mpaka akakaa sakafuni, halafu akiwa pale pale sakafuni akalia. Akasema, "Shoga, nyinyi watu wa pwani mna adabu ya kuua mtu."

Nitakuambia ukweli wote, kwa sababu wewe umeniambia wako.

Halidi alipokuwepo tulikula samaki mara mbili tatu kwa wiki, maharage siku nyingine, na kila jioni alirudi na kitu mkononi, parachichi au papai. Alipoondoka, vyakula navyo viliondoka kwa zamu, kama watu wanavyotoka msibani. Kwanza samaki. Kisha maziwa. Maharage yakawa ya Ijumaa, kisha Ijumaa nayo ikapita hivi hivi. Tunda nikajiambia si chakula. Mwisho ikaondoka mboga, maana mboga ya hapa inataka mafuta, nyanya na kitunguu, na mkaa wa kuipikia. Kilichobaki ni unga, maandazi yaliyokosa mnunuzi, na chai. Mia tano inanijaza tumbo mpaka kesho yake. Udongo ni wa mia.

Hakuna siku niliyolala na tumbo tupu, mama. Ndiyo maana hata mimi mwenyewe sikujua. Nilikuwa nimeshiba huku damu inakwisha.

Sikuweza kukuambia. Mkwe gani anamwambia mama wa mumewe kwamba ana njaa? Ningekuwa nimesema Halidi hakuacha kitu. Na hakuacha kitu kweli, lakini nani alitegemea angeondoka na miaka thelathini na sita? Nilitaka angalau kifurushi kiseme kwamba nyumba yake bado imesimama.

Nimekwenda kwa Hajra nikamweleza. Sikuficha udongo. Nilidhani atanifokea. Akavuta kiti karibu, akasema, "Hamisa, lile benchi la nje limejaa wenzako. Wanakuja na mashavu mazuri, damu hakuna. Chakula cha kujaza tumbo ni rahisi, cha kujenga damu ni ghali, basi kila mtu ananunua anachoweza." Akaniambia pia vile vidonge nisimeze na chai, chai inavizuia. Miezi miwili nimekuwa nikimeza na chai! Nimeze na maji ya ndimu au chungwa, chai ije baadaye sana.

Na sukari yako, mama, miaka minne. Ulikuwa ukinywa nini siku Halidi alipokuja kukutembelea? Nakumbuka mwaka juzi alikutilia vijiko vitatu kwa mkono wake, ukanywa yote huku unamwangalia.

Leo asubuhi nimekula mayai mawili. Aneth alisimama mlangoni na kijiti cha kuni mpaka nikamaliza.

Hamisa


Kurui
26 Mei 2024

Mwanangu,

Sijui kama u mzima. Wiki nane hakuna kenta. Mvua ilichukua daraja la huku chini, kisha ikachukua na barabara yenyewe. Machungwa yameoza kwenye magunia. Nimepanda shuleni na simu mara sita, mtandao nao umeanguka na mnara. Leo Anselmi amefika kwa njia ya kuzunguka, matope mpaka kwenye kofia, na kitu cha kwanza amesema ni, "Yupo, Mama Halidi, ana tumbo kama tikiti." Nikampa muhogo wa kuchoma na nikamwomba radhi kwa yote niliyowahi kumsema.

Mayai hakuna. Kideri kimepita hapa, kuku wangu ishirini na mmoja wamebaki wanne, na hao wanne wanatembea kama wamelewa. Nakuambia mapema usidhani nimekula mwenyewe.

Uliniuliza kuhusu chai ya Halidi. Nilikunywa. Kesho yake nikashindwa kuona vizuri mpaka adhuhuri. Ningeinywa tena.

Nakuletea kunde debe nusu na mlenda wa kukausha. Ni vitu visivyo na bei, ndiyo maana vimebaki. Kunde loweka usiku, maji yake mwaga. Mlenda usiuchemshe ukafa. Nyuma ya chumba chako, pale maji ya kuogea yanapopita, niliona siku ya msiba pana ardhi nyeusi. Mwambie Aneth aombe shina la matembele kwa mtu yeyote, hakuna anayenyimwa matembele. Chomeka tu, ugeuke uende zako. Baada ya wiki tatu unachuma.

Damu ni ngapi?

Biubwa


Misugusugu
16 Juni 2024

Mama,

Shikamoo. Damu ni tisa pointi sita.

Mwezi wa nne ilikuwa saba pointi sita, na sikuwa na njia ya kukuambia. Hajra alisema ikifika sita nitalazwa niongezewe. Aliniandikia namba yake ya simu kwenye kadi na akamwambia Aneth, "Huyu akipata kizunguzungu tu, nipigie." Siku zile niliogopa kulala. Nilikuwa naweka mkono tumboni nasubiri ageuke.

Sasa nikueleze tulivyofanya, maana nataka ujue kazi ni yako ingawa barabara ilikuwa imekatika. Sukari uliyonirudishia niliitia kwenye maandazi, na kwa kuwa watu wengi hapa waliacha kukaanga kwa sababu ya bei, yangu yaliuzwa yote kabla ya saa mbili. Faida ile Aneth hakunipa mkononi. Alikuwa akirudi na dagaa, maharage na wakati mwingine kipande cha ini kilichofungwa kwenye gazeti. Nikamwambia, "Nipe pesa yangu." Akasema, "Pesa yako hii hapa, ipike." Machungwa yake yaliyobonyea ambayo wateja hawataki ananiletea mimi. Huyu mtu hatujazaliwa tumbo moja, na imani yetu si moja, lakini siku ya Idi alinipikia pilau mbaya sana na nikaila yote.

Matembele nilikuwa nimeshachomeka kabla barua yako haijafika. Niliikumbuka ile wiki ya ndoa, nikajiuliza, Mama Biubwa angekuwa hapa angetokea mlango upi? Nikatokea wa nyuma. Sasa nachuma kila siku ya tatu, nayapika na dagaa wa kutwanga, ndimu juu. Hayakuhitaji nyanya. Nilipoonja nikasema kwa sauti, "Ya nini?" Nilicheka peke yangu kama Halidi.

Mama, watu wakisema mtu fulani ana akili wanamaanisha amesoma. Mimi nimesoma mpaka la saba na niliishi na mtu wa ofisini, na sote wawili hatukuweza kula vizuri bila mshahara. Wewe umemlea mtu akawa mrefu, meno yote, kwa jembe na ungo. Nilikuwa nakuheshimu kwa kuwa ni mkwe wangu. Sasa nakuheshimu kwa kuwa najua ulichokuwa ukifanya.

Hajra anasema nijifungulie hospitali. Ni katikati ya mwezi wa nane. Utakuja lini?

Hamisa


Kurui
28 Julai 2024

Mwanangu Hamisa,

Tisa pointi sita nimeitangaza mpaka kwa Maulida. Amesema, "Mama Halidi, wengine wanatangaza matokeo ya mitihani." Nikamwambia huu ndio mtihani.

Umenisifu sana. Ulichosahau ni kwamba ardhi huku haiombi mshahara, na huko inaomba kodi. Mimi nikiletwa Misugusugu kwenye chumba kile na mfuko mtupu, sijui kama ningeona hata hayo matembele. Wewe umeyaona.

Kuhusu kuja, nisikilize bila kukasirika. Bibi haendi kwenye uzazi wa mjukuu mikono mitupu. Mama yangu alikuja kwangu na kuku saba, nazi gunia na unga wa mtama, nikanywa supu siku arobaini, na watu wakaona nina kwetu. Mimi sasa nina kuku wanne, wawili ndio wameanza kutaga. Machungwa yalioza, mihogo Anselmi ananunua kwa bei ya kuonea haya. Nikija hivi, majirani zako watasema mama yake Halidi amekuja kula. Niache nilalishe mayai, vifaranga wakue. Nitakuja mwezi wa kumi nikiwa na sura ya kuja.

Usidhani sikuhesabu siku. Nazihesabu na tasbihi.

Biubwa


Misugusugu
20 Agosti 2024

Mama,

Shikamoo. Wewe ni bibi wa msichana.

Amezaliwa Jumamosi alfajiri, kilo tatu na gramu mia moja. Siku nne kabla yake damu ilikuwa kumi pointi nne. Na nilitokwa na damu, mama, nyingi kuliko kawaida. Niliona nyuso za wauguzi zikibadilika, wakawa hawasemi tena na mimi ila wao kwa wao. Ikazuilika. Hajra alikuja kunitazama wodini na nguo zake za nyumbani. Akasoma kadi yangu kutoka mwanzo hadi mwisho, akaikunja, akasema, "Ungetuletea ile damu ya mwezi wa nne, leo tungekuwa tunaongea mengine." Halafu akamchukua mtoto, akamgeuza huku na huku kama mtu anayechagua papai, akasema hana kasoro.

Ana masikio ya Halidi, yale ya kusimama. Jina hatujampa, linakusubiri.

Eda imekwisha. Jana nimetoka mlango wa mbele mchana, nimesimama tu barabarani, magari yanapita. Nilidhani nitaogopa barabara ile iliyomchukua Halidi. Nilikuwa na mtoto mkononi, sikuogopa.

Watu wamekuja kunipongeza. Wana moyo, Mungu awalipe. Wameleta sukari, mikate mirefu na kreti mbili za soda. Aneth amezitazama, akanitazama mimi, tukashukuru kwa adabu mpaka wageni walipotoka.

Mama, usisubiri vifaranga. Ukija mwezi wa kumi atakuwa amekwisha kuanza kucheka na wewe hukuwepo kuona. Majirani waache waseme. Anselmi anarudi kwako kesho kutwa, na amesema kiti cha mbele ni chako, hata kama itabidi gunia la mihogo libaki.

Mtoto ananyonya kila saa, na kila akinyonya nasikia kama ananichota mpaka kwenye nyayo. Nimeandika barua nyingi kwako mwaka huu, na neno moja nilikuwa naliruka katika kila barua. Nilikuambia nimechoka, ni mzima, nakula vizuri, usinifikirie. Leo nimeshika kalamu ili nikuandikie hilo moja, mengine yote yamekuja yenyewe.

Mama, nina njaa. Njoo.

Hamisa